6500 si rangi

Swali huwa ni lilelile: nyeupe ya skrini niiweke kelvini ngapi, 5000 au 6500? Weka 6500. Anayetaka kuondoka na aondoke, ila ajue ameondoka na namba tu, na wengi wamesawazisha skrini zao kwa namba hiyohiyo na bado nyuso kwenye picha zao zina ukijani.

Kelvini, kipimo cha joto tunachokitumia kutaja rangi ya nyeupe, zilitoka kwenye moto. Tazama chuma cha mhunzi: huanza chekundu, kikawa cha manjano, kikazidi kuelekea weupe. Kingekuwa hakiyeyuki, kingefika kwenye ubluu. Rangi hizo zote ukizichora kwenye ramani ya rangi, unapata mstari mmoja uliopinda. Lakini skrini si chuma cha moto! Nyeupe yake ni mchanganyiko wa nyekundu, kijani na bluu, na mchanganyiko huo unaweza kuangukia juu ya mstari au chini yake. Programu ya kusawazisha skrini inachofanya ni kutafuta mahali pa mstari palipo jirani na kukusomea kelvini za hapo. Umekaa mbali na mstari kiasi gani, namba hiyo haisemi.

Andikeni hizi; x na y ni anwani ya rangi kwenye ramani ile. x 0.3127, y 0.3290: hiyo ndiyo D65, nyeupe ya sRGB, yaani kanuni ya rangi ya skrini za kawaida. Sasa x 0.3105, y 0.3450. Kelvini ngapi? 6500. Lakini ukurasa mtupu una ukijani, na shavu la mtu linakuwa la mgonjwa wa kichefuchefu. Haya, x 0.3150, y 0.3130. 6500 tena, na safari hii karatasi imekuwa ya waridi. Skrini tatu, namba moja, na hakuna mbili zinazofanana. Ndiyo maana nasema someni x na y. Kelvini waachieni wauza balbu.

Kazi yenyewe sasa. Washa skrini, iache nusu saa ipate moto. Zima hali ya usiku, zima kontrasti inayojibadilisha, zima kihisi cha mwanga wa chumba. Kimoja kikibaki, unapima kitu kinachotembea. Kwa kifaa cha kupimia rangi, panga mwangaza kwanza, kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba kufuatana na chumba. Kisha ingia kwenye menyu ya monita, chagua rangi za mtumiaji. Ile iliyoandikwa 6500K kiwandani usiiamini mpaka umeipima.

Hapo ni kushusha tu, kuelekea x na y za D65. Rangi iliyo dhaifu kuliko zote iache 100, punguza nyingine mbili. Ukishusha kijani, y inashuka. Ukishusha bluu, x na y zinapanda pamoja na nyeupe inaelekea manjano. Ukishusha nyekundu, x inarudi chini. Ukibaki na tofauti ya 0.002 hivi, acha. Halafu rudia kupima mwangaza, maana umeupunguza bila kukusudia.

Kwa nini nisiiachie programu ifanye yote? Kwa sababu programu hukata kwenye kadi ya michoro. Katika biti 8 una ngazi 256. Shusha bluu hadi asilimia 85, umebaki na ngazi 217 hivi, na anga lililokuwa likififia taratibu linakatika mistari.

Kuna atakayesema: profaili za ICC, faili zinazoieleza kompyuta rangi za kifaa, zimejengwa juu ya D50, nyeupe ya kelvini 5000 hivi, basi skrini iwe 5000. Hapana, hapana. Hiyo D50 ni ya ndani, lugha ambayo profaili huzungumza zenyewe kwa zenyewe, na nyeupe ya skrini yako hutafsiriwa kwenda huko bila wewe kugusa kitu. Mwenye hoja ni mchapishaji, kwa kuwa ISO 3664, kiwango cha kimataifa, inataka chapa zitazamwe chini ya taa ya D50. Kama taa hiyo iko kando ya skrini yako, shuka kuelekea 5000, na jicho lako ndilo liamue ukomee wapi. Kama huna, 5000 ni umanjano wa kujitakia.

Chapa zinatoka nyeusi mno? Huo ni mwangaza wa skrini uliozidi, kelvini msizisingizie.

Muda umekwisha, nigusie haraka suala la skrini mbili kando kwa kando. Zinaweza kusoma x na y sawasawa na bado jicho likaona tofauti, hasa moja ikiwa ya wigo mpana wa rangi, kwa sababu mwanga wao umeundwa tofauti. Fungua nyeupe kwenye zote mbili, ile bora usiiguse, nyingine isogeze kwa jicho mpaka zilingane. Kutengeneza profaili ndiyo hatua ya mwisho. Ukigusa kitufe cha rangi baada yake, ifute, utengeneze nyingine.