Chupa Haikulazwa, Ililala Yenyewe

REHEMA: Tuko hewani. Kaka Dotto, anza na suruali.

DOTTO: Dada, leo mada ni matembezi na sherehe za mavuno.

REHEMA: Wenzio wanasubiri suruali tangu nilipowagusia jana.

DOTTO: Haya. Jumamosi nimetoka Neustadt, kule Pfalz, Ujerumani, kwa miguu hadi Edenkoben. Mizabibu yote ya njano, huku juu msitu wa Keschde, zile kokwa zenye ganda la miiba. Unaziokota njiani, ukizichoma, ladha ni kiazi kitamu cha jivuni. Nikafika kwenye sherehe, nikanunua Federweißer, maji ya zabibu yanayoendelea kuchacha. Chupa nikaitia kwenye begi...

REHEMA: Ukailaza.

DOTTO: Ililala yenyewe.

REHEMA: Na kizibo kina tundu.

DOTTO: Nani aliniambia? Kumbe wakiziba kabisa, gesi inapasua chupa. Kwenye treni nimelowa mpaka magotini, nanuka kilabu kizima.

REHEMA: Mtanzania mzima! Iringa hata kondakta anajua, dumu la ulanzi, pombe ya mianzi, halikazwi. Asubuhi mtogwa, mtamu. Ukilala ukaamka, mkangafu, watu wanaimba.

DOTTO: Hiyo nayo hivyohivyo. Inauzwa kuanzia kama asilimia 4 ya kilevi, halafu inapanda humohumo. Wanaila na keki ya vitunguu.

REHEMA: Inaliwa tena, hainywewi?

DOTTO: Inanywewa! Umenichanganya. Na mvinyo wao una glasi ya nusu lita, yenye vibonyeo vya vidole. Inazunguka meza nzima, unakunywa na usiowajua.

REHEMA: Kama ulanzi tu. Nauli ulilipia nini?

DOTTO: Kutembea! Unafika mezani umechoka, umeuona mzabibu wenyewe. Sherehe umeitolea jasho.

REHEMA: Hapo sikubali. Jasho la kutalii? Zabibu alichuma nani?

DOTTO: Wenye mashamba. Na vibarua, wengi kutoka Poland na Romania.

REHEMA: Walikuwepo mezani?

DOTTO: ...Sikuwauliza watu walikotoka.

REHEMA: Basi hayo si mavuno, ni baa yenye mandhari. Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, sijaona mtu na begi mgongoni akijisifu amezitolea jasho.

DOTTO: Na Bulabo, sherehe ya ngoma kwetu Usukumani? Mwezi wa sita, makundi mawili, Bagika na Bagalu, yanashindana ngoma. Nusu ya wanaoshangilia wametoka Mwanza mjini, jembe hawajashika. Utawafukuza?

REHEMA: Wanaocheza wamelima.

DOTTO: Wanaoshangilia je? Ngoma bila watu si mazoezi tu?

REHEMA: Washangilie. Wasiseme wamevuna.

DOTTO: Mlaji naye yumo kwenye mavuno, dada.

REHEMA: Mlaji yumo kwenye kula.

DOTTO: Mimi niliokota kokwa kwa mikono yangu.

REHEMA: Za nani?

DOTTO: Za... msitu.

REHEMA: Mh.

DOTTO: Sibadilishi.

REHEMA: Wala mimi. Zimebaki dakika ngapi?

DOTTO: Moja na nusu! Na tuliahidi mambo matano kwa wanaotaka kwenda. La kwanza, viatu...

REHEMA: La kwanza, chupa isimame.

DOTTO: Viatu, Rehema. Njia za kule baada ya mvua...

REHEMA: Suruali umefua?

DOTTO: Iko kwenye ndoo.

REHEMA: Tangu Jumamosi? Si itakuwa mkangafu hiyo!