Njia Zinayopita Protini za Fangasi

Wakubwa zangu shikamooni, na wanafunzi habari za jioni. Poleni na foleni, hasa mliotoka Mbagala na Tegeta mkafika hapa Upanga kwa wakati.

Tunaohudumia wagonjwa Dar es Salaam tunamfahamu fangasi aitwaye Candida albicans kwa utando mweupe mdomoni mwa mtoto mchanga, au mwa mtu mwenye VVU ambaye kinga imeshuka. Tunatoa dawa, utando unaondoka. Leo naomba tuingie ndani ya seli yake, kwa sababu silaha zake nyingi ni protini anazozitoa nje, na njia zinayopita kabla ya kutoka ndiyo inayozifanya ziwe silaha.

Njia hiyo tumefundishwa na hamira, hii hii ya maandazi. Mwaka 1979 Peter Novick na Randy Schekman, huko California, walieleza hamira yenye jeni mbovu: kwenye nyuzijoto 25 iliishi vizuri, ikipandishwa hadi 37 protini hazikutoka, na seli ikajaa vifuko vilivyokosa pa kwenda. Mwaka uliofuata walikuwa wamefikisha jeni 23 za kazi hiyo. Schekman alishiriki Tuzo ya Nobel ya 2013.

Kwa kifupi, protini inayotakiwa kutoka huwa na kipande mwanzoni kinachoiingiza kwenye mtandao wa utando ndani ya seli. Hapo inakunjwa; ikikunjwa vibaya huvunjwa. Iliyo sawa hupakiwa kwenye vifuko hadi Golgi, kituo cha seli cha kupanga protini, na huko ndiko kunakoamuliwa iende vakuoli (kifuko kikubwa cha kuhifadhia na kuvunjia vitu), ikae ukutani, au itoke nje.

Sasa itazameni Golgi ya Candida kwa karibu. Anapoota nyuzi, hutengeneza kwa wingi protini iitwayo Ece1. Ikiwa nzima haimtoboi mtu. Kimeng'enya Kex2 kinaikata kila palipo na asidi amino lisini ikifuatiwa na ajinini, vinapatikana vipande vinane. Cha tatu, baada ya kimeng'enya kingine, Kex1, kunyofoa ajinini ya mwisho, kinabaki na asidi amino 31. Hicho ndicho kandidalisini, kilichotangazwa 2016, kinachotoboa seli za utando laini wa miili yetu. Candida aliyeondolewa jeni ya Ece1 anaota nyuzi kama kawaida lakini seli haziharibiki. Asiye na Kex2 hata nyuzi zinamshinda, na makali yake kwa panya hupungua.

Basi tuzuie Kex2? Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Sisi wenyewe tuna kimeng'enya furini, ndugu yake wa karibu, na inafanya kazi muhimu mwilini. Ujamaa huo ndio uliotuwezesha kujifunza seli zetu kupitia hamira, na ndio huo huo unaotubana tunapotafuta dawa.

Mimi natazama zaidi upande wa fangasi mwingine, Cryptococcus neoformans, anayewaua wagonjwa wetu kwa homa ya uti wa mgongo. Ganda lake ni la sukari ndefu ambayo seli zetu hazitengenezi, nayo husafirishwa kwa vifuko hivyo hivyo. Ikiharibiwa jeni ya Sav1, vifuko vyenye sukari hiyo hurundikana ndani. Mnaofanya kila siku kipimo cha CrAg, kinachotafuta sukari ya ganda hilo kwa mgonjwa, mnachokisoma kwenye kile kipande ni mzigo huo uliokwisha kutoka. Mwanafunzi wa biokemia anayetafuta mada ya tasnifu, ningemshauri aanzie hapo: nani anaisukuma sukari hiyo kuingia kwenye kifuko?

Karibuni kwa maswali.