Dendrima Zinapogusa Uso

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Vitabuni dendrima, molekuli kubwa yenye matawi, huchorwa kama tufe: kiini katikati, na matawi yanayogawanyika mawili mawili hadi nje. Mchoro huo unaifaa molekuli inayoelea peke yake katika kiyeyusho. Leo nataka tuitazame inapokutana na kitu kingine, iwe dhahabu, kioo, hewa juu ya maji au utando wa seli. Kazi zake nyingi hufanyika hapo, na hapo tufe halibaki tufe.

Kwanza tuijenge. Mwaka 1978 Fritz Vögtle na wenzake, Ujerumani, walionyesha kwamba ukirudia mmenyuko uleule unapata matawi juu ya matawi. Mwaka 1985 Donald Tomalia na kundi lake katika kampuni ya Dow, Marekani, wakachapisha familia ya dendrima iitwayo PAMAM (poliamidoamini). Unaanza na ethilinidiamini, unaipachika methili akrilati, kisha unarudisha ethilinidiamini. Kila duru ni kizazi. Kizazi cha 0 kina ncha 4 za amini, yaani vikundi vya nitrojeni na hidrojeni, cha 4 kina 64, cha 7 kina 512. Kipenyo nacho huongezeka kwa takriban nanomita moja tu kila kizazi, kwa hiyo ncha zinazidi kubanana.

Sasa iweke juu ya dhahabu. Amini moja huishika dhahabu kwa udhaifu, na ikiwa peke yake huachia upesi. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Ncha moja ikiachia, nyingine nyingi bado zimeshika, na ile iliyoachia haiendi mbali, inarudi. Kila mshiko mpya unaivuta molekuli chini zaidi, mpaka inabonyea na kulala bapa. Inapoteza umbo lake, inapata mishiko.

Mwaka 1998 kundi la Richard Crooks, Marekani, lilifanya jaribio ambalo nalipenda kuliko yote katika fani hii. Dendrima zikiwa zimelala juu ya dhahabu, walileta heksadekanithioli, molekuli nyembamba yenye salfa inayoing'ang'ania dhahabu kwa nguvu kuliko amini. Thioli zikajipenyeza pembeni, zikadai nafasi, na dendrima zikabanwa zikanyanyuka, kimo kikawa kikubwa kuliko upana. Molekuli zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni majirani.

Kwenye kioo nguvu inayotawala ni chaji. Katika maji ya kawaida ncha za amini hubeba protoni, zinakuwa chanya, na uso wa kioo ni hasi. Juu ya maji mambo yanavutia zaidi. Kundi la Bert Meijer, Uholanzi, lilivisha ncha zote za dendrima mikia mirefu ya mafuta. Molekuli kama hiyo haina juu wala chini. Hata hivyo ilipotandazwa juu ya maji ilijipinda: kiini kikaelekea majini, mikia yote ikasimama upande wa hewa.

Kwenye utando wa seli pia ncha ndizo huamua, na hapa tuwe makini kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha mwaka 2004 kwamba PAMAM ya kizazi cha 7 yenye ncha za amini hutoboa utando wa lipidi ambao ulikuwa mzima. Kizazi cha 5 hakitoboi, ila hupanua kasoro zilizopo. Na kizazi hichohicho cha 5, ncha zake zikifunikwa kwa asetili, kikundi kidogo kisicho na chaji, zikapoteza chaji, hakifanyi lolote kati ya hayo. Anayetaka kupeleka dawa kwa dendrima aanze kufikiria ncha kabla ya dawa yenyewe.

Kuna pia kazi ya kusafisha maji. Amini za PAMAM hunasa ioni za shaba katika pH ya 8, kisha kichujio chenye vitundu vidogo huizuia dendrima pamoja na shaba yake. Ukishusha pH hadi 4, protoni zinachukua nafasi ya shaba, na dendrima inatumika tena.

Kikwazo ni gharama. Kila kizazi ni hatua mbili za mmenyuko, na kila hatua inahitaji usafishaji. Ndiyo maana naona nafasi yake ya kwanza ni pale tabaka la unene wa molekuli moja linapotosha. Piga hesabu: kizazi cha 4 kina uzito wa molekuli wa 14,215 na kipenyo cha nanomita 4.5. Gramu moja, molekuli zikipangwa moja moja bila hata kubonyea, inafunika zaidi ya mita za mraba 600. Kipimo kimoja cha troponini, protini ya maradhi ya moyo, kilitengenezwa hivyo: dendrima juu ya nyuzi za kioo, na juu yake kingamwili zinazosubiri damu ya mgonjwa.

Karibuni maswali.