Pasi ya treni au ndege za bei chee?

REHEMA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo tuna swali la dada yetu wa Mombasa. Viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, ameshapata, ana wiki tatu, anataka Amsterdam, Berlin, Prague, Vienna, Zurich, na Lisbon mambo yakiruhusu. Anunue pasi ya treni, yaani tiketi moja ya kupandia treni nyingi katika nchi nyingi, au akate tiketi za ndege za bei chee? Kaka Juma, wewe mpenzi wa ndege.

JUMA: Kwa njia hii namwambia apande treni. Miji yenyewe imefuatana. Berlin hadi Prague ni mwendo wa saa 4 na kidogo, Prague hadi Vienna saa 4. Kwa ndege, muda huo unaishia kwenye foleni na kwenye basi la kwenda uwanjani.

REHEMA: Na viwanja vyenyewe! Tiketi inasema Paris, unashushwa Beauvais, kilomita 80 na zaidi kutoka mjini. Inasema Brussels, kumbe ni Charleroi. Basi la kukufikisha mjini lina nauli yake.

JUMA: Bado begi. Ile nauli ya yuro 20 ni ya mtu na kimkoba cha chini ya kiti. Wizz Air, shirika la ndege za bei chee, wanataka sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Chukua rula upime, hilo ni begi la mtoto wa shule. Mtu aliyetoka Mombasa na zawadi za shangazi atalipia sanduku kila anaporuka.

REHEMA: Sasa pasi. Kwa kuwa anaishi Kenya, yake ni Eurail. Angekuwa anaishi Hamburg, hata kwa pasipoti ileile ya Kenya, angechukua Interrail, pasi ya wakazi wa Ulaya. Kinachoangaliwa ni makazi. Ipo ya siku 4 za safari ndani ya mwezi mmoja. Siku moja ni saa sita usiku hadi saa sita usiku inayofuata, na ndani yake unapanda treni kadiri unavyotaka.

JUMA: Hapa tukae kidogo, maana wengi huumia. Ukiwa na pasi usidhani umemaliza kulipa. Ujerumani, Austria, Uswisi, Uholanzi, treni nyingi za mchana unaingia tu, unakaa. Ila treni za kasi za Ufaransa, Italia na Hispania, lazima ulipie nafasi ya kiti juu ya pasi. TGV za ndani ya Ufaransa ni yuro 10 au 20, Eurostar, treni ya kasi ya London na Paris, ni zaidi. Tena viti vya wenye pasi vina idadi yake. Vikiisha, unanunua tiketi kamili na pasi yako mfukoni.

REHEMA: Na kama tarehe zake hazibadiliki, apige hesabu ya tiketi moja moja zikinunuliwa miezi miwili kabla. Mara nyingine zinaishinda pasi. Pasi inamfaa anayetaka kuamka Prague na kusema, leo siondoki.

JUMA: Kweli kabisa.

REHEMA: Dada, kuna jambo linaloniuma zaidi ya bei. Tazama kwenye viza yako umeruhusiwa kuingia mara ngapi. Eurail inafika nchi 33, zikiwemo Uingereza, Serbia na Uturuki, ambazo haziko Schengen. Viza ikiwa ya kuingia mara moja, ukitoka hutaweza kurudi, hata kama pasi ina siku zimebaki. Na London ina viza yake tofauti. Mwenzako wa pasipoti ya Ufaransa hatakukumbusha hilo, kwa sababu halimhusu.

JUMA: Na akipanda Ryanair, shirika jingine la bei chee, awahi. Asiye na pasipoti ya Umoja wa Ulaya hupitia kaunta hati zake zikakaguliwe kabla ya ukaguzi wa usalama.

REHEMA: Basi Lisbon tunaifanyaje?

JUMA: Hapo ndege. Tangu 2020 hata Madrid hadi Lisbon hakuna treni ya moja kwa moja, unabadilisha njiani. Kutoka Zurich aruke, alipie sanduku mara moja tu.

REHEMA: Na safari za treni zinatosha kwenye pasi ya siku 4: Amsterdam–Berlin, Berlin–Prague, Prague–Vienna, Vienna–Zurich.

JUMA: Tiketi ya kurudi Mombasa basi aikate ianzie Lisbon, asije akalazimika kurudi Amsterdam kufuata ndege.