Taarifa Hufia kwa Mpokeaji wa Kwanza

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Habari za mchana, wazazi, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu mliotoka Mlimani, Chang'ombe na Kivukoni. Foleni ya Barabara ya Mandela naijua, nami ninawashukuru kwa kufika na jua hili.

Nimefundisha sekondari kwa miaka 31, na miaka 12 kati ya hiyo nilikuwa matroni wa bweni. Nimeombwa nizungumzie namna ya kutoa taarifa za uhalifu unaotokea shuleni na vyuoni. Nitazungumza hilo, ila nitaanzia upande wa pili wa meza, kwa yule anayepokea taarifa. Kila semina tunawaambia watoto, "Semeni, msikae kimya." Mimi niliyekaa kwenye kiti cha kuambiwa nawaambieni kwamba watoto wanasema. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, matokeo yakatolewa 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na kwa wavulana takriban 1 kati ya 7. Nusu hivi ya wasichana hao walimweleza mtu. Waliokuja kupata huduma walikuwa wachache mno. Ina maana kuna watu wazima walioambiwa, kisha jambo likaishia kwao.

Mmoja wao ni mimi.

Ilikuwa Ijumaa jioni, katika shule ambayo sitaitaja. Binti wa kidato cha pili alikuja chumbani kwangu akasimama mlangoni ameshika ndoo, kama aliyekuja kuomba maji. Aliniambia kwa sentensi mbili yaliyompata mchana ule stoo, mikononi mwa mtu mzima aliyekuwa na kazi yake palepale shuleni. Nilimkumbatia, nikalia naye. Nikamchemshia maji akaoga. Sare yake niliifua kwa mikono yangu hii na kuianika uani kwangu, maana nilitaka kumsitiri, wenzake wasione. Nikamwambia, "Mwanangu, Jumatatu tutamwona mkuu wa shule."

Jumatatu kikaitishwa kikao. Jumatano wakaitwa wazazi. Kufika wiki ya pili yule mtu hakuwepo tena, amefungasha mabegi yake, na aliyejua kaelekea wapi hakuna. Kituo cha polisi hatukukanyaga. Muhula haujaisha binti naye akaacha shule.

Nilimpenda mtoto yule, na kwa mapenzi hayohayo nilimwaga ushahidi wake wote kwenye karai la maji ya sabuni. Ndiyo maana nimekubali kusimama mbele yenu leo.

Ingekuwa ni leo, ningefanya hivi. Asingeoga kwanza. Nguo zake zisingefuliwa. Ningeziweka kwenye bahasha ya kaki au kuzifunga kwenye kanga safi, wala si kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu ukifungiwa mle unaharibu ushahidi. Ningechukua bajaji usikuleule, nikae naye siti moja, hadi kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto. Pale mtu anaandikisha, anapewa namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yake, anapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. PF3 haiuzwi, ni bure. Ukidaiwa hela, hiyo nayo ni taarifa ya kupeleka. Na kama mtu ameumia vibaya, akimbizwe hospitali kwanza, fomu ifuatwe na mwingine. Hapa Dar es Salaam, Hospitali ya Amana ina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii mnawakuta sehemu moja, mtoto asizungushwe mji mzima akisimulia upya.

Kuna na saa za kuhesabu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Dawa za dharura za kuzuia mimba nazo hazitaki kusubiri. Kutoka Ijumaa ile jioni hadi Jumatatu asubuhi zilipita saa 60 na zaidi, nami nilikuwa nimeambiwa tangu saa ya kwanza.

Jambo jingine ni mahojiano. Yule binti aliulizwa na mimi, akaulizwa na mwalimu wa nidhamu, na makamu, na kikao kizima cha watu wanane, wengi wao wanaume, kisha na wazazi wake mbele yetu. Mtu akisimulia jambo la aibu mara tano, hawezi kulisimulia kwa maneno yaleyale. Kesi ikifika mahakamani, wakili wa upande wa pili anashika tofauti hizo. Wewe mpokeaji huna kazi ya kupeleleza. Msikilize, andika maneno yake kama alivyoyatamka, weka tarehe na saa, tia sahihi, basi. Maswali ya kwa nini ulikwenda stoo, kwa nini hukupiga kelele, yameze.

Wengi tunajitetea kwa kusema, "Hakukuwa na shahidi." Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama, katika makosa ya kujamiiana, kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto au wa aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Kwa hiyo anayesema hakuna shahidi, huku mtoto amesimama mbele yake, amemfuta mtoto.

Niwaambie sheria inavyomtaka mpokeaji, maana mimi sikufundishwa chuo cha ualimu. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka kila anayejua kuwa kosa la jinai limetendeka, au kuna mtu anakusudia kulitenda, atoe taarifa polisi au kwa mwenye mamlaka katika eneo. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa serikali ya mtaa pale haki za mtoto zinapovunjwa. Hakuna palipoandikwa "baada ya kikao cha bodi". Shule ina uwezo wa kumsimamisha mtu kazi, Tume ya Utumishi wa Walimu ina uwezo wa kumfukuza mwalimu. Kubaka ni kosa ambalo tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Kosa la uzito huo kulipeleka kwenye kamati ya nidhamu ya shule ileile ambayo mtuhumiwa anakula nayo chai ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Wazazi, neno la upole kwenu. Najua bahasha zinavyoletwa. Mjomba wa mtuhumiwa anakuja usiku na wazee wawili, anasema yaishe kifamilia, mtoto asije akachafuka jina. Kupokea fedha ili kosa kubwa la jinai lifichwe nako ni kosa. Na yule mtu mkishamalizana naye atahamia Mbagala, au Kigamboni, au mkoa mwingine, kwenye shule yenye watoto wengine.

Sasa nataka twende mwaka 1990, maana mwaka huo umekaa moyoni mwangu.

Februari 1990, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifariki mwanafunzi aliyeitwa Levina Mukasa. Alijiua baada ya kusumbuliwa na wanafunzi wenzake wa kiume. Chuoni enzi hizo kulikuwa na kitu kikiitwa Mzee Punch, maandishi yasiyo na jina yaliyobandikwa ukutani kuwadhalilisha watu, wasichana hasa. Wakubwa wenzangu mnakumbuka jinsi wanawake waandishi wa habari wa TAMWA, chama kilichokuwa na miaka mitatu tu tangu kianzishwe, walivyolivalia njuga jambo lile. Kila mtu alipita mbele ya ule ukuta, lakini maandishi yake watu waliyahesabu kuwa ni mzaha wa chuo.

Mwaka huohuo, mwezi Novemba, Marekani ilipitisha sheria iliyotokana na kifo cha mwanafunzi mwingine, Jeanne Clery. Alibakwa na kuuawa Aprili 1986 katika chumba chake cha bweni, Chuo Kikuu cha Lehigh, na mwanafunzi mwenzake aliyeingia kwa kupitia milango ambayo ilitakiwa iwe imefungwa. Baadaye wazazi wake wakagundua kuwa miaka mitatu kabla yake yalitokea matukio 38 ya uhalifu wa nguvu chuoni pale, na wao walipompeleka binti yao hawakuambiwa hata moja. Wakapigania sheria. Leo vyuo vya kule vinavyopokea fedha za serikali kuu vinatakiwa kutangaza takwimu za uhalifu kila mwaka ifikapo Oktoba 1, kuwaonya wanafunzi hatari inapokuwapo, na chuo chenye walinzi au polisi wake kinaandika daftari la matukio la kila siku ambalo yeyote anaweza kulifungua. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Liberty kilitozwa dola milioni 14 kwa kuikiuka sheria hiyo.

Siwaambii tuige Marekani. Uhalifu vyuoni kwao haujaisha. Ninachokitamani ni lile daftari. Kaunta buku ya kwaya tatu inapatikana duka lolote Kariakoo. Chora mistari: tarehe, saa, mahali, kilichotokea, nani amepokea, RB namba ngapi. Jina la aliyetendewa lisiwemo. Hilo likae kwenye jalada linalofungwa kwa ufunguo. Mkuu wa shule anayejivunia kuwa hajawahi kupata tukio hata moja kwa miaka kumi mimi ananitia wasiwasi kuliko yule mwenye matukio 15 yaliyoandikwa na kufuatiliwa.

Nyinyi wa vyuoni, wizi wa laptop na simu mmeuzoea, hasa bumu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, likiingia. Mtu anaibiwa kwenye vimbweta, anasema polisi hawataipata, ananunua nyingine. Andikisha. Piga *#06# leo uandike pembeni namba ya IMEI, ile inayoitambulisha simu yako, bila hiyo ni vigumu kuthibitisha simu ni yako. Watu watano wakiandikisha kuporwa njia moja ileile ya kutokea Msewe usiku, chuo hakina pa kujificha, kitaweka taa na mlinzi. Asipoandikisha hata mmoja, njia itabaki giza na kila mtu ataibiwa kivyake.

Na mwizi akikamatwa bwenini, apelekwe kituoni akiwa mzima. Nimeona kijana akipigwa na wanafunzi waliosoma vizuri, wenye Biblia na misahafu vyumbani mwao. Ule nao ni uhalifu uliotokea chuoni, na kati ya watu 50 waliokuwepo hakuna aliyeutolea taarifa.

Kuhusu mhadhiri anayekuambia uchague kati ya sapu, yaani kurudia mtihani, na chumba cha wageni: hiyo ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wanapokea simu bure namba 113. Usifute meseji hata kama zinakutia kichefuchefu. Usiende peke yako "kumrekodi". Wapigie kwanza, wao ndio wanaojua mtego unawekwaje. Na picha za mwenzenu zikirushwa kwenye kundi la WhatsApp, anayezirusha tena hana tofauti na wa kwanza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo. Kwa watoto, namba ya bure ni 116, mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Mzee mmoja ameniuliza nje, je, mwalimu akisingiziwa? Ni swali la haki. Mwenzangu mmoja alisingiziwa, na kilichomsafisha ni upelelezi wa polisi, saa na tarehe zilizoandikwa. Kikao chetu cha shule kingemwacha na minong'ono hadi kustaafu.

Binti yule nilimtafuta. Miaka ilikuwa imepita, nikamkuta anauza vitenge. Nilimwomba msamaha. Aliniambia, "Mwalimu, wewe ndiye peke yako uliyeniamini," akanifungia kitenge kwenye gazeti na kukataa hela. Sijawahi kukivaa.

Mratibu ananionyesha saa. Maswali tutachukua humu kwa nusu saa. Asiyetaka kuuliza mbele za watu, nitakaa pale nje kwenye benchi chini ya mwembe hadi saa 12 jioni. Nina kalamu, nina daftari, na bajaji nimeiambia isiondoke.