Kisanduku cha Kusoma

MWANAIDI: Karibuni tena. Juma leo kaja na uso wa mtu aliyedhulumiwa. Kulikoni, kaka?

JUMA: Bajeti, dada! Maombi ya ruzuku: wanafalsafa na wanahistoria kutoka nchi tatu, mada ni haki katika akili mnemba. Fomu inauliza seva, inauliza vifaa vya maabara. Hatuvitaki. Tunachonunua ni muda, mtu apunguziwe vipindi muhula mzima, asome.

MWANAIDI: Na kisanduku cha kusoma hakipo.

JUMA: Kipo cha "mengineyo".

MWANAIDI: (anacheka) Lakini pesa zipo, tusidanganyane. Mwaka 2019 bilionea wa Marekani, Stephen Schwarzman, alikipa Chuo Kikuu cha Oxford pauni milioni 150 kwa ajili ya insia, yaani masomo kama falsafa na historia, na humo ikazaliwa taasisi ya maadili ya akili mnemba. Mwaka huohuo Facebook ikaahidi dola milioni 7.5 kwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, kwa kazi hiyohiyo.

JUMA: Hiyo ya pili ndiyo inanikera. Ukila na kipofu usimguse mkono.

MWANAIDI: Mimi siogopi mfadhili kupiga simu. Naogopa msomi kuliacha swali kabla hajaulizwa. Ila pesa ya serikali nayo usiiamini sana. Mwaka 2025 mfuko wa taifa wa insia wa Marekani ulifuta ruzuku zaidi ya 1,000, watu wakiwa katikati ya kazi.

JUMA: Halafu njoo kwenye huo "ushirikiano wa kimataifa". Mfuko wa umma kwa kawaida unawalipa kwanza watafiti wa nchi yake. Mwenzao wa ng'ambo analipwa kukusanya mahojiano na kutafsiri. Kufikiri kunabaki kwa mwenye akaunti.

MWANAIDI: Wakati tafsiri yenyewe ndiyo falsafa!

JUMA: Ehee! Chukua "haki". Mhandisi anasema programu yake ya mikopo imepita kipimo cha haki, maana wanawake na wanaume wanakubaliwa kwa kiwango kimoja. Sawa, huo ni usawa wa mgao. Lakini aliyekataliwa akisema "nipe haki yangu", anadai kuelezwa sababu, na mtu wa kumkatia rufaa. Kwetu neno ni moja, kwa hiyo huwezi kumpa nusu ukamwambia umemaliza. Tulibishana siku nzima juu ya hilo, na mwenzetu mmoja akabadilisha sura yote ya makala yake.

MWANAIDI: UNESCO walipitisha pendekezo lao la maadili ya akili mnemba Novemba 2021, nchi 193. Piga hesabu ya lugha hapo.

JUMA: Ndiyo maana nimeongeza mstari kwenye bajeti: "Mabishano ya istilahi, siku kumi."

MWANAIDI: Watakukata.

JUMA: Wakinikata, nitapunguza tiketi yangu ya ndege. Nitabishana nao kwa simu.