Saa 24, 48, 72: Mabango ya Serikali Uchaguzi Unapotangazwa

Mabibi na mabwana, nimeichagua India kwa sababu kule kuondoa mabango uchaguzi unapotangazwa hupimwa kwa saa.

Tume ya Uchaguzi ikishatangaza ratiba ya uchaguzi tu, Kanuni za Maadili, yaani masharti ya mwenendo wa vyama na serikali wakati wa uchaguzi, huanza kufanya kazi papo hapo. Kwenye mali ya serikali, mabango na maandishi ya ukutani huondolewa ndani ya saa 24. Stesheni, vituo vya mabasi, madaraja na nguzo za umeme hupewa saa 48. Kwenye mali ya mtu binafsi, bango lisilo na kibali hupewa saa 72.

Mwaka 2024 ratiba ilitangazwa tarehe 16 Machi, Jumamosi. Hesabuni wenyewe: saa 24 ziliisha Jumapili. Afisa anayengoja Jumatatu ndipo aandike barua na kutafuta mafundi amekwisha kuchelewa. Orodha ya kila bango, mahali lilipo na simu ya fundi mwenye ngazi iandaliwe wiki kadhaa kabla.

Miradi ya serikali nayo hugawanywa. Iliyokwisha kuanza uwanjani huendelea. Ambayo haijaanza husubiri, hata kama mkandarasi ana hati ya kazi mkononi. Bango lililosimikwa kwenye kiwanja kitupu halihesabiki kuwa kazi imeanza, na wengi hunaswa hapo.

Kuna ambulensi na magari ya maji yaliyonunuliwa kwa fungu la mbunge, yaani fedha za umma za maendeleo ambazo kila mbunge hupendekeza matumizi yake, rupia milioni 50 kwa mwaka. Magari hayo huendelea kuhudumia wananchi. Kinachofunikwa ni jina la mbunge. Msitumie karatasi na gundi, maana mvua moja tu jina linarudi. Tumieni stika nzito isiyopitisha mwanga.

Hata hivyo, kufunika ni tiba ya waliochelewa. Mwaka 2012, huko Uttar Pradesh, Tume iliamuru sanamu za Mayawati, waziri kiongozi wa jimbo, na za tembo, alama ya chama chake, zifunikwe. Zilikuwa zimejengwa kwa fedha za umma. Tembo akifunikwa bado ni tembo; umbo lake lilionekana, na habari zake zikaenea kuliko awali.

Kinga iko kwenye mchoro wa bango. Andikeni jina la mradi, chanzo cha fedha, gharama, mkandarasi, msimamizi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na simu ya malalamiko. Sura ya mtu haina kazi hapo. Kenya nayo, katika kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, iliikataza serikali kutangaza mafanikio yake kwa mabango ya hadharani kipindi cha uchaguzi. Pimeni maneno: "Kazi imefikia asilimia 60" ni taarifa, "Ahadi imetimia" ni kampeni.

Na mkubwa akishikilia picha yake iwepo, iwekeni kwenye kibao cha pembeni kilichofungwa kwa skrubu nne, isipakwe rangi kwenye bango lenyewe. Siku ya tangazo, fundi mmoja atakishusha na taarifa ya mradi itabaki inasomeka.